Makaburi ya Ugenini: Kutoka Kengeleni Hadi Dallas

Kila msiba unapotufika hapa Lewisville, swali la kwanza huwa moja: mwili unarudishwa nyumbani au unazikwa huku? Kwa wazee wetu jibu liko wazi, na mchango huanza usiku huohuo. Watoto wetu hutuuliza kwa nini. Sikukuu hii ya Jamhuri tuwasimulie habari ya watu waliozikwa mbali na kwao.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafariki. Siku chache baadaye mtoto naye akafariki. Sisi wauguzi habari hiyo hutuuma: ilibaki miaka 53 kabla Ronald Ross hajaonyesha kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Mama na mwana walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lao lipo mpaka leo. Krapf hakukata tamaa. Mwaka 1846, yeye na Johannes Rebmann walifungua misheni mashambani, huko Rabai.

Mwaka 1875, si mbali na kaburi hilo, shirika la CMS lilianzisha kijiji cha Freretown kwa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ndiyo iliyolipa eneo hilo jina la Kengeleni. Wengi walikuwa wametekwa mbali, Wayao, Wanyasa na Wamakua, na hakuna aliyewachangia nauli ya kurudi. Walizikwa huko walikofikishwa, na vitukuu vyao leo ni Wakenya kama sisi.

Huku Dallas nako, watu waliotoka utumwani walipata makaburi yao, Freedman's Cemetery, mwaka 1869. Baadaye barabara ya Central Expressway ilijengwa juu ya sehemu yake. Ilipopanuliwa miaka ya 1990, mabaki ya watu zaidi ya 1,100 yalifukuliwa na kuzikwa upya. Wengi wetu hupita hapo tukienda zamu.

Hatumwambii mtu azike wapi. Kila nyumba izungumze mapema, watu wakiwa wazima. Lakini popote tutakapomlaza mtu wetu, tuandike jina lake na kijiji chake, na tuwapeleke watoto wakapaone. Kaburi lisilo na wa kulitembelea hugeuka njia.

Heri ya Jamhuri.