Wakimbizi Hewa wa Ngara

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Methali hii inafariji, kwa sababu inaahidi kwamba bahati ina mwisho na tamaa humponza mwenye nayo. Lakini ukiifuata historia ya kambi za wakimbizi za Ngara, hesabu ya hizo siku arobaini inakataa kutoka.

Tuanzie daraja la Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mto Kagera wakaingia Tanzania na kupiga kambi Benaco. Warundi walikuwa wametangulia, wakikimbia umwagaji damu uliofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Hakuna aliyekuwa na orodha ya umati ule. Njia ya haraka ya kugawa chakula ilikuwa kuwatumia viongozi waliokuja nao. Mkuu wa komuni alitaja idadi ya watu wake, akapokea magunia, akagawa.

Hapo akazaliwa mwizi wa kwanza, na wala hakuvunja mlango. Alitaja namba tu. Siku hizi Tanzania tunasema wafanyakazi hewa. Ngara walikuwapo wakimbizi hewa. Kila jina la hewa lilikuwa na mahindi yake, maharage yake na mafuta yake. Chakula hicho kiligeuka fedha sokoni, na fedha ikageuka mamlaka. Aliyepunjwa alinyamaza, maana aliyeshika gunia ndiye aliyejua mtoto wako analala kwenye hema gani.

Miongoni mwa wakubwa wa Benaco alikuwapo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Rusumo. Fergal Keane wa BBC alimkuta huko mwaka 1994, akamuuliza kuhusu mauaji ya kanisa la Nyarubuye, akakana. Alikamatwa mwaka 2001, akiwa bado katika kambi ya wakimbizi nchini Tanzania. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2004, ikampa miaka 30. Mwaka 2006 rufaa ikageuza adhabu kuwa kifungo cha maisha. Hakushtakiwa kwa mahindi, na sisi tusimshtaki hapa. Lakini angalia muda: miaka saba kati ya Nyarubuye na pingu. Arobaini ya mtu mwenye cheo huchelewa.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Lukole ikabaki kambi ya Warundi, na mwishoni mwa miaka ya tisini ilikuwa na watu wapatao 100,000: mji mzima, wenye mitaa, soko na sungusungu wake, ambao wakazi wake hawakuruhusiwa kutembea zaidi ya kilomita nne bila kibali. Ukifungiwa ndani ya kilomita nne huwezi kulima shamba la maana wala kutafuta kibarua kihalali. Kilichobaki ni kadi ya mgawo.

Mwizi wa pili, basi, ni mama au kijana mwenye kadi mbili. Pengine alijiandikisha mara mbili. Pengine jirani aliondoka usiku kurudi Burundi akamwachia yake. Hiyo ndiyo bahati ya Lukole. Kadi ya ziada ilileta sabuni, kitambaa, nyama mara moja kwa mwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 fedha za wafadhili zilipopungua na mgawo ukakatwa, kadi hiyo ikawa tofauti kati ya mlo mmoja na miwili.

Wa tatu alitoka usiku. Wenyeji wa Ngara walilalamikia mihogo iliyong'olewa na mbuzi waliopotea. Barabara za misitu ya Biharamulo zikawa na majambazi wenye bunduki, mabasi yakasindikizwa na polisi. Kila tukio lilibebeshwa mkimbizi, ingawa ujambazi haukuwa na kabila moja wala uraia mmoja.

Sheria huwaita wote watatu wezi. Mimi nasita kuwapima kwa mizani moja. Aliyeng'oa mihogo alimwibia mkulima ambaye naye alikuwa maskini. Njaa inaeleza kitendo chake, ila haimlipi mkulima. Mwenye kadi mbili alichota kwenye ghala lisilo na sura, huku akijua kwamba ghala hilo lina mwisho. Mwenye namba hewa alikuwa ameshiba tangu siku ya kwanza. Huyo ndiye aliyekuwa na uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua, na ndiye aliyekuwa na hatari ndogo zaidi ya kukamatwa.

Kambi ya Lukole ilifungwa mwaka 2008. Jambazi wa barabarani aliogopwa na kusimuliwa, mwizi wa mihogo alipigwa na wananchi. Mtu aliyeandika majina ya hewa karatasini hakuacha nyayo shambani, na ndiyo maana hadi leo tunamkumbuka kama kiongozi.