Emmy Noether na Mshahara Usiokuwepo

Kwa miaka saba, tangu 1908 hadi 1915, Emmy Noether alifanya kazi ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, bila kulipwa hata senti. Shahada ya udaktari alikuwa nayo tangu 1907. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa hapo hapo, na alipougua, binti ndiye aliyeshika chaki. Jambo hili naliona zito kuliko linavyosimuliwa, maana kazi ya bure ikizoeleka, anayeidai malipo huonekana mkorofi.

Mwaka 1915 David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Baadhi ya maprofesa wakapinga: vipi mwanamke awafundishe wanaume? Inasimuliwa kuwa Hilbert aliwakumbusha kwamba baraza la chuo si hamamu. Hawakusikia. Basi mihadhara ikatangazwa kwa jina la Hilbert, akaifundisha Noether, mpaka 1919 alipokubaliwa kufundisha kwa jina lake.

Katikati ya udhia huo, mwaka 1918, alichapisha uthibitisho ambao wanafizikia wanauegemea hadi leo. Kwa lugha nyepesi: ikiwa sheria za maumbile ni zile zile jana, leo na kesho, basi nishati haipotei wala haizuki; hubadili sura tu. Mambo mawili yaliyoonekana kuwa mbalimbali, yeye aliyafunga fundo moja. Na hata hivyo fizikia haikuwa mapenzi yake! Moyo wake ulikuwa katika aljebra, na makala yake ya 1921 iliwafunza wenzake kutazama muundo wa mambo badala ya kuzama katika mahesabu marefu. Malipo ya kufundisha, nayo madogo, yalianza 1923.

Aprili 1933 Wanazi walimwondoa chuoni kwa sababu ni Myahudi. Wanafunzi wakawa wanamfuata nyumbani, na inasemekana mmoja alikuja na sare ya wanamgambo wa chama hicho. Hakumfukuza. Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa, na ndipo ninapompenda.

Mwaka huo huo alihamia Marekani, katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr. Hakukaa sana. Alifariki tarehe 14 Aprili 1935, siku chache baada ya kupasuliwa, akiwa na miaka 53. Einstein alimwandikia sifa katika gazeti la New York Times. Majivu yake yamezikwa Bryn Mawr, kwenye ua wa maktaba, chini ya njia wanayopita wanafunzi.