Kadi ya Michoro: Jina la Kifaa na Jina la Tendo

Istilahi "kadi ya michoro" hutaja bodi inayochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani ili ifanye hesabu zinazozaa taswira ya kwenye skrini, na ingawa wapo wanaoiita "kadi ya picha", jina hilo la pili linakanganya, kwa kuwa msomaji huweza kuidhania kuwa ile kadi ndogo ya kumbukumbu inayotolewa kwenye kamera. Kitenzi "chora" kinalenga shabaha zaidi. Skrini yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo ina nukta 2,073,600, na taswira inapochorwa upya mara 60 kwa sekunde, nukta zinazopaswa kupakwa rangi kila sekunde huzidi milioni 124. Hiyo ni kazi ya mchoraji asiyepumzika, wala si ya mtunza picha.

Matata yapo kwenye neno "kuboresha", ambalo huambatanishwa na tendo la kuiondoa kadi ya zamani na kuweka yenye nguvu zaidi. Neno hilo linaahidi matokeo, ilhali kadi bora haiifanyi kompyuta kuwa bora iwapo pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, haiwezi kuilisha. Sloti ya PCI Express, ambayo ni ule mfereji mrefu juu ya ubao mama, hutoa wati zisizozidi 75, na kadi inayodai zaidi ya hapo huongezewa umeme kwa waya utokao kwenye pawa saplai, ambapo tundu la pini 6 huongeza wati 75 na la pini 8 wati 150. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, katika umbo lake jembamba, ina pawa saplai ya wati 240 na kasha lisilopokea kadi ya kimo cha kawaida, hivyo mwenye nayo hana budi kutafuta kadi ya kimo kifupi isiyohitaji waya, kama yalivyo baadhi ya matoleo ya GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019.

Upya nao haumaanishi kufaa. Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022 hutumia njia 4 tu za data, pungufu sana ya zile 16 za sloti ndefu, na ikichomekwa kwenye ubao mama wa PCI Express ya kizazi cha tatu, ambapo kila njia hupitisha nusu ya kiasi cha kizazi cha nne, huzorota mara kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 inapojaa. Prosesa kuukuu isiyoweza kuiandalia kadi kazi kwa wakati huleta kasoro ya aina hiyohiyo.

"Kubadili kadi ya michoro" ndilo jina la haki la tendo hili, na anayekusudia kulitenda aanze kwa kusoma lebo iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai.