Creusa: Wanawake Wanne, Jina Moja, na Jina Lenyewe Sio Jina

Stori za kale za Wagiriki na Warumi zina mastaa wake. Zeus, Hercules, Achilles, hao hata kama hujawahi kuwasoma umewaona kwenye muvi. Sasa mtafute Creusa uone. Utachanganyikiwa fasta, maana wapo wanne, kila mmoja na kwao, na hawahusiani kabisa.

Ishu iko kwenye jina. Kwa Kigiriki cha kale, Creon maana yake ni mtawala. Mgeuze Creon awe mwanamke, unapata Creusa. Yaani ni cheo tu, kama kusema "malkia" au "bintimfalme". Mtunzi akiwa na mwanamke wa ikulu ambaye hana muda naye sana, anambandika hilo, stori inasonga.

Cheki yule wa Korintho. Jason kazaa na Medea watoto wawili, halafu anamwacha ili amuoe binti wa mfalme. Medea anatuma zawadi za harusi, gauni na taji, vyote vimepakwa sumu. Binti anavaa, anajitazama kwenye kioo, anafurahi, mara mwili unaanza kuungua. Baba yake anamkumbatia, ananasia hapo hapo, wanakufa wote wawili. Euripides alipoipandisha tamthilia hii jukwaani Athens mwaka 431 KK, huyo bibi harusi hakupewa jina wala sentensi moja ya kusema. Hata kifo chake watazamaji wanahadithiwa na mtumishi. Baadaye wapo waliomwita Glauce, na kwenye magofu ya Korintho ya kale bado kuna chemchemi yenye jina hilo, kwamba alijitupa humo akitafuta nafuu. Warumi kama Seneca wao wakamwita Creusa. Na baba mtu anaitwa nani? Creon! Bwana Mtawala na bintiye Bi Mtawala. Hapo kuna mtu kweli alikaa chini akafikiria jina?

Wa Athens ndo mwenye bahati kidogo, kama hiyo ni bahati. Huyu ni binti wa mfalme Erechtheus. Akiwa bado msichana, mungu Apollo alimvamia na kumbaka kwenye pango chini ya mlima wa Acropolis. Akapata mimba, akaificha, akajifungua kimyakimya, akamwacha mtoto kwenye kikapu pangoni mle mle. Miaka ikaenda. Akaolewa na mgeni anaitwa Xuthus, watoto hawapatikani, wakafunga safari hadi Delphi kwenye hekalu la Apollo kuulizia. Fikiria tu: unaenda kumuomba mtoto yule yule aliyekuharibia maisha.

Kule Xuthus anaambiwa kijana wa kwanza kukutana naye akitoka hekaluni ndiye mwanaye. Anakutana na Ion, mtumishi wa hekalu. Creusa anaamini kwamba huyo ni mtoto wa nje anayeletwa kurithi ufalme wa baba yake, anapanga kumuua kwa sumu kwenye divai. Njiwa anaionja divai iliyomwagwa chini, anakufa, mpango unabumburuka. Wanataka kumpiga mawe. Ndipo kuhani wa kike analeta kikapu cha zamani, na Creusa anataja vilivyomo kabla hajafunguliwa. Ion ndiye yule mtoto wake.

Halafu Apollo mwenyewe hatokei. Anamtuma Athena aje kuongea kwa niaba yake, kukwepa lawama. Euripides yule yule aliyemnyima binti wa Korintho sentensi, huyu kampa nafasi ya kumsema mungu hadharani, maneno makali kweli.

Yule wa tatu ni nimfu wa majini, mke wa mungu wa mto Peneus kule Thessaly. Kazi yake kwenye stori ni kuzaa, basi. Mjukuu wake Cyrene ndo aliyepambana na simba mikono mitupu, na mji wa Cyrene kule Libya ukapewa jina lake.

Wa nne ni wa Troy, binti wa mfalme Priam na mke wa Aeneas. Kwenye utenzi wa Virgil, mji unawaka, Aeneas anambeba baba yake mgongoni, anamshika mtoto mkono, mke anaambiwa afuate nyuma kwa mbali. Wanafika nje ya mji, mke hayupo. Njia nzima jamaa hakugeuka kumwangalia. Anarudi mbio, anazunguka mitaani kwenye moshi akiliita hilo jina tena na tena, hadi unamtokea mzuka wake. Unamwambia asilie sana, mbele ya safari kuna ufalme na mke mwingine wa kifalme. Anajaribu kuukumbatia mara tatu, anakumbatia hewa.

Kumbe tenzi za zamani zaidi za Kigiriki zilimpa mke wa Aeneas jina jingine, Eurydice. Sawa na yule wa Orpheus, aliyepotea kwa sababu mumewe aligeuka.

Huko Italia Aeneas akamuoa Lavinia. Huyu jina analo, hadi mji wa Lavinium umeitwa kwa ajili yake. Ila kwenye utenzi mzima wa Virgil, hasemi hata neno moja.