Kutoka Kanda za Video Hadi Filamu za Intaneti



Zamani mzazi aliweza kuikagua kila kanda ya video, kwani ilipita mlangoni kwanza. Hata Netflix, iliyoanzishwa mwaka 1997 huko Marekani, mwanzoni ilikodisha filamu za DVD kwa posta. Mwaka 2007 ikaanza kuzionyesha kupitia intaneti, na Januari 2016 ikafika Afrika Mashariki. YouTube, iliyoanza 2005, hutazamwa bila ada.

Basi mlango hautulindii tena watoto. Tunapochagua huduma tusitazame bei tu. Tuulize: ina sehemu ya watoto? Ina namba ya siri ya mzazi? Twaweza kuzuia video inayofuata isijianzishe yenyewe? Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wabillahi tawfiq.