Kuta za Pwani, Amana ya Bara

Mtu wa Bisibo, aliyezoea kuliona boma la Wajerumani pale Biharamulo likihesabiwa miongoni mwa mambo ya kale, huenda akauliza msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani wamhusu nini, ilhali baina yake na msikiti huo imelala nchi nzima, toka mpaka wa Rwanda na Burundi hata Bahari ya Hindi. Wamhusu sana. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wakitokea Tabora, waliweka kituo chao Kafuro katika Karagwe, kwa jirani zetu wa kaskazini, alikofikia msafiri Stanley mwaka 1876. Lakini nyumba za miti na udongo hazidumu, na anayetaka kuyaona kwa macho majengo ya umma ule hana budi kuteremka pwani, walikojenga kwa matumbawe.

Huko ataukuta msikiti wa Kilwa, ulioanzwa yapata karne ya 11 na kupanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Na akivuka kwenda Unguja, ataiona huko Kizimkazi mihrabu yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

Kuta hizo ziliungwa kwa chokaa, iliyopatikana kwa kurundika matumbawe juu ya magogo, kuyachoma, kisha kuyaacha yakilainika kwa maji. Fundi wa leo akiziba ufa kwa saruji hudhani ametenda hisani, kumbe saruji, kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, huuzuia unyevu usitoke, na chumvi iliyonaswa ndani huyala matumbawe hata ukuta ukabanduka vipande vipande.

Na kuzitunza kuta hizo si kazi ya watu wa pwani peke yao: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikubagua pwani na bara. Magofu ya Kilwa yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, mawimbi yakila ufuo na kuta zikiporomoka, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya matengenezo. Nami naona ni haki kabisa sehemu ya kodi ya mkulima wa kahawa wa Ngara iwalipe wachoma chokaa wa Kilwa na wanagenzi wao, kabla ufundi huo haujabaki kwa wazee watupu.