Somo la Historia: Kutoka Jani la Msasa hadi Mkanda wa Mashine

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni neno hili: MSASA. Someni wote pamoja.

Neno hili ni la zamani. Msasa ni mti. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na wazee walisugulia mbao na mipini kwa majani hayo mpaka ikawa laini. Ilipokuja karatasi yenye chembe kali, watu waliipa jina la jani lile lile.

Wahunzi nao wana historia yao. Wamasai walipata mikuki na sime kwa wahunzi walioitwa Ilkunono. Huko Ugweno, katika Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi ya chuma, na chuma cha Upare kiliuzwa mpaka kwa Wachagga. Mhunzi wa siku zile alinoa kwa jiwe, maji na nguvu za mkono.

Ng'ambo nako watu walitafuta njia. Katika karne ya 13 Wachina waligandisha mchanga, mbegu na makombe yaliyosagwa juu ya ngozi kwa gundi. Mwaka 1834 Isaac Fisher wa Marekani alipata hati ya kutengeneza karatasi ya msasa. Mwaka 1891 Edward Acheson, naye wa Marekani, alichoma udongo na makaa kwa umeme, akapata chembe ngumu kupita chuma. Baadaye viwanda vilitengeneza chembe nyingine, oksidi ya alumini. Je, mnaijua? Rubi ya Mundarara, kule Longido, ni kitu hicho hicho, ila rubi ilitengenezwa ardhini na ina rangi nyekundu.

Sasa tuje kwa fundi wa leo, anayefua visu kwa springi za gari na kuvisugua kwa mashine ndogo ya mkanda. Sisi Olmotonyi ni jirani wa msitu na chuo cha misitu; msasa tuliouzoea ni wa mbao. Fundi akichukua mkanda wa ganeti, ambao ni wa seremala, chembe zake zitakwisha upesi juu ya chuma. Fedha imepotea. Tena mkanda uliochakaa haukati, bali huchoma. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umetoka, na kisu hakitakaa na makali. Hasara imekuwa mbili.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda mjini Arusha, pima mkanda wako wa zamani. Ukate, uulaze chini, uandike urefu na upana wake. Dukani, geuza mkanda mpya usome mgongo wake. Tafuta mambo matatu.

Kwanza, aina ya chembe. Kwa chuma, chagua oksidi ya alumini, zirkonia au seramiki.

Pili, namba. Namba hiyo ilitokana na matundu ya chekeche katika inchi moja. Namba ndogo, chembe kubwa. Anza na 60, fuata 120, malizia na 240. Usiruke, maana mikwaruzo mikubwa itabaki.

Tatu, mshale. Mikanda mingi ina mshale, nao uelekee upande mashine inakozungukia. Ukiugeuza, kiungo chaweza kuachia na kukuumiza.

Unaposugua, chovya kisu katika maji mara kwa mara, na uvae miwani.

Ndugu zangu, mhunzi wa kale alilijua jiwe lake kwa kidole. Mkanda wa kiwandani umeandikwa. Asiyejua kusoma atauziwa chochote, ajuaye atasema, “Huu sio, nipe ule.”

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini karatasi ya dukani iliitwa msasa?
2. Kati ya 60 na 240, ipi ina chembe kubwa?
3. Wazee wa kwenu walinoa kwa kitu gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.